Semina moja, kitongoji kimoja, ekari zilezile: kwa nini jirani mmoja anatunza msitu na mwingine anaufyeka?

#1 Mtunza Mipaka (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Hili jambo linanisumbua karibu miaka 2 sasa nimeona nililete hapa.

Nipo kwenye kamati ya maliasili ya kijiji chetu, Morogoro huku kwenye miombo (misitu ya asili ya nyanda kavu). Kuna kaya mbili zimepakana, kila moja inalima kama ekari 4, mahindi na ufuta, watoto wamesoma shule ileile, na wote walihudhuria semina ya utunzaji wa misitu, daftari la mahudhurio nililishika mimi mwenyewe. Kaya A ina migrevilea (miti ya kupandwa ya mbao na kuni) mstari mzima mpakani mwa shamba, ina jiko banifu la udongo linalotumia kuni kidogo, na baba mwenye nyumba akiona moshi msituni anakuja kunigongea hata saa 5 usiku. Kaya B kila ikifika Septemba inaongeza kipande, inafyeka, inachoma, na kiangazi hukosi tanuri la mkaa moja au mawili nyuma ya kilima. Sio watu wabaya, tunazikana vizuri tu.

Sasa kila mradi ukija tunaambiwa tatizo ni elimu. Mimi nimefika mahali siamini tena, maana elimu wamepata sawa. Ni nini hasa kinachofanya kaya ya mkulima isaidie kupunguza ukataji miti na nyingine isisaidie? Mwenye uzoefu aweke hapa, naomba tusiishie kwenye "uelewa mdogo".

#2 Kijana wa Tanuri
Jibu ni pesa mkuu, nakuambia kama mtu niliyechoma mkaa miaka 6.

Januari mpaka Machi mahindi ya mwaka jana yameisha ghalani, ya mwaka huu yanakufika kiunoni, mtoto anataka sare na madaftari, mama anaumwa. Nani atakukopesha? Msitu ndio unakukopesha na haukudai riba. Na msidhani ni kazi rahisi, unakata magogo, unayapanga, unafunika majani mabichi, unafukia udongo, unaacha matundu ya kupumulia, halafu unalala palepale wiki nzima na zaidi, maana likitoboka usiku ukasinzia asubuhi unakuta majivu. Mtu mwenye njia nyingine hawezi kufanya ile kazi kwa kupenda. Huyo wa Kaya A chunguza, lazima kuna kijana wake mjini anamtumia hela kwenye simu.

#3 Bwana Ugani Mstaafu
Nawasalimu wote. Nimefanya kazi vijijini zaidi ya miaka 30, naomba elimu isidharauliwe. Semina ya siku moja yenye soda na posho sio elimu. Elimu ni mtu kuonyeshwa shambani kwake, msimu baada ya msimu, kwamba ekari 2 zenye samadi, mbegu bora na mikunde zinaweza kumpa kuliko ekari 5 za kufyeka. Mkulima hafyeki kwa kuchukia miti, anafyeka kwa sababu udongo wa zamani umechoka na hajui namna ya kuurudisha, au anajua ila hana samadi. Na tangu Sheria ya Misitu ya 1998 wananchi wamepewa nafasi ya kumiliki misitu yao, wengi hawajui hata hilo.

#4 Sheria Mkononi
Shikamoo mzee #3. Marekebisho kidogo tu, 1998 ni Sera ya Taifa ya Misitu. Sheria ya Misitu ni Namba 14 ya mwaka 2002, hiyo ndiyo iliyoweka wazi msitu wa hifadhi wa kijiji unaosimamiwa na kijiji chenyewe. Na haisimami peke yake, inakwenda pamoja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999.

Tofauti yenyewe ni kubwa. Msitu ukiwa wa kijiji, kijiji kinatunga sheria ndogo, kinatoza faini na kubaki na mapato. Ukiwa wa serikali kuu mnasimamia kwa makubaliano, na hapo suala la nani anapata nini limesumbua miaka mingi. Mtu akifanya doria kwenye msitu ambao gogo lake likikamatwa linauzwa na hela haonji, usishangae mwaka wa tatu hayupo kwenye doria.

#5 Bwana Ugani Mstaafu
Marahaba. Sawa kabisa, 2002. Umri huu tarehe zinagongana, asante.

#6 Dada wa Kuni
Samahani naingilia, mnaongelea kaya kana kwamba ni mtu mmoja. Kaya ina baba, mama, vijana, wakati mwingine bibi. Anayekwenda kuni ni nani? Mimi nimekua nikibeba kuni, tunatoka alfajiri na mama na shangazi, mwanzo ilikuwa nusu saa, nilipofika darasa la sita tunarudi jua la utosini. Mama ndiye aliyejua msitu unarudi nyuma maana aliupima kwa miguu. Ila kwenye mkutano wa kijiji aliyeulizwa ni baba, na baba kuni alikuwa anaziona zikiwa zimeshafika jikoni.

Sasa hapo A na B, mleta mada, semina walikwenda kina nani? Daftari lako lina majina ya wanaume tu au na wake zao?

#7 Mtunza Mipaka (mleta mada)
Dada #6 umenishika. Nimelifungua daftari sasa hivi. Kaya A alikuja baba na mama. Kaya B alikuja baba peke yake, mama alikuwa na mtoto mchanga. Sijawahi kuliangalia hivyo aisee.

#8 Kijana wa Tanuri
Dada #6 ni kweli lakini usisahau wapo akina mama wanachoma mkaa pia, hasa wajane, na wengine ndio wanunuzi wa kukusanya pale barabarani. Mkaa hauchagui.

#9 mpingo na ufuta
Wa kusini nimefika. Kwetu Lindi mkaa sio tatizo kubwa kama shamba jipya. Ufuta ndio unaofyeka. Ukilima kwenye ardhi iliyotoka kufyekwa magugu ni machache, palizi haikutoi jasho sana na mavuno mazuri, miaka miwili mitatu majani yanakuja juu unahama. Bei ya ufuta ikipanda mnadani, mwaka unaofuata unasikia mashoka kila upande. Kwa hiyo yule mwenye hela ndiye anayefyeka zaidi maana ana uwezo wa kulipa vibarua wa kukata na kung'oa visiki. Nampinga #2 kwa heshima: maskini wa kweli ana nguvu ya ekari moja na nusu tu, hawezi kumaliza msitu.

Halafu kuna upande wa pili, Kilwa huko vijiji vinavuna mpingo kwa mpango na mwaka 2009 vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu. Mti unapimwa, unawekwa alama, mnunuzi analipa kijiji. Pale ukikata mpingo kwa wizi umewaibia jirani zako na wanakujua kwa jina.

#10 Kijana wa Tanuri
#9 umenipa kitu cha kufikiria. Ni kweli kwetu aliyefyeka eneo kubwa kuliko wote ana pawatila na nyumba ya bati. Ila bado nasema aliyeshika shoka kwenye lile eneo alikuwa kibarua, na kibarua ni njaa. Kwa hiyo njaa ipo, ila imeajiriwa.

#11 Mpita Njia
Naona mnajadili sana lakini mfano upo. Shinyanga serikali ilileta ngitili mwaka 1986 na mkoa ukarudi kijani. Kwa nini tusiige tu?

#12 Ngosha
#11 mkuu hapana, hapo umepotosha. Ngitili hakuileta serikali. Ngitili ni yetu Wasukuma tangu enzi, ni eneo unalolitenga mvua zinapoanza, majani yanabaki yamesimama ili ng'ombe wapate malisho kiangazi kikali. Serikali mwaka 1986 ilileta mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na mwanzoni walikuja na miche. Baadaye ndio wakaona busara ni kurudi kwenye kile watu wanachokijua.

Na ujue kwa nini Shinyanga ilikuwa jangwa. Wakati wa mkoloni vichaka vilifyekwa makusudi kuua mbung'o, ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, halafu kuhamia vijijini miaka ya 1970 kukawatoa watu kwenye ngitili zao, mtu unaacha eneo la babu yako linakuwa la wote, yaani la hakuna. Mradi unaanza 1986 ngitili zilizohesabika zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zimeshapita hekta 300,000. Miche haikufanya hiyo kazi, miti ilichipua yenyewe kwenye visiki vya zamani baada ya watu kuacha kulima na kuchungia pale.

Kilichofanya kaya zikubali nimekiona kwa baba yangu. Faida aliiona mwaka uleule. Nyasi za kuezekea, malisho mwezi wa 9 wakati wenzie wanahangaika, fito, dawa za mitishamba, kuni karibu na nyumba. Hakuambiwa asubiri miaka 20. Na ngitili ilikuwa na jina lake, ng'ombe wa mtu mwingine akiingia dagashida inakaa.

#13 Mpita Njia
Nimekubali #12, nimejifunza. Dagashida ndio nini?

#14 Ngosha
Mkutano wa jamii wa kimila, ndipo mambo ya kijiji yanapoamuliwa na mtu anapopigwa faini. Na sungusungu wanahakikisha unalipa. Kwetu faini ya dagashida inaumiza kuliko ya mahakama kwa sababu anayekutoza kesho ndiye utakayemwomba ng'ombe wa kulimia.

#15 Kamau Mshambani
Salamu kutoka Kenya, Nyandarua. Sisi tuna ile ya "shamba system", mkulima anapewa kipande ndani ya msitu wa serikali, analima viazi na maharage katikati ya miche, anaipalilia miche kwa miaka kama mitatu hivi mpaka kivuli kinafunga ndio anatoka. Iliwahi kupigwa marufuku, ikarudi baada ya Sheria ya Misitu ya 2005, siku hizi inaitwa PELIS na unaingia kupitia chama cha jamii cha msitu.

Ikifanya kazi vizuri inapendeza sana, serikali inapata miti bila kulipa kibarua. Lakini angalieni mtego wake. Miche ikikua haraka, mimi napoteza shamba haraka. Nimeona kwa macho yangu mtu anapalilia kwa jembe karibu sana na mche, mizizi inakatika, mche unadumaa, naye anaongezewa msimu mmoja zaidi. Sio mtu mbaya pia, ni vile mpango umepangwa. Kwa hivyo elimu, umaskini, yote sawa, lakini uliza kwanza: mti ukistawi huyu mkulima anapata ama anapoteza?

#16 Sheria Mkononi
#15 umesema jambo zito sana. Hilo swali lingewekwa mbele ya kila mradi kabla ya kutoa hata mche mmoja.

#17 Bwana Nyuki
Wakuu mizinga! Mtu mwenye mizinga 20 msituni hawezi kuchoma moto, nyuki watahama. Kwetu Tabora asali imetunza miombo kabla hata ya miradi.

#18 mpingo na ufuta
Bwana Nyuki, Tabora hiyohiyo ya tumbaku inayokaushwa kwa kuni? Kuwa mkweli ndugu yangu.

#19 Bwana Nyuki
Nakubali, tumbaku ya moshi na ya mvuke zote mbili zinatafuna kuni. Ila mfuga nyuki na mlima tumbaku mara nyingi ni mtu yuleyule, na hapo ndipo pana somo. Mzee wangu ana mizinga upande mmoja wa mto na bani la tumbaku (banda la kukaushia) upande mwingine. Upande wa mizinga hakati hata ufito. Kwa hiyo "kaya inayotunza" na "kaya inayofyeka" zinaweza kuwa kaya moja. Mleta mada labda hata Kaya B ina upande inaoutunza ila hujaambiwa.

Ila mizinga ya bure ya kugawiwa siisemei. Nimeona imetundikwa chini ya jua kali, haina nta wala nyuki, mwenyewe hajui hata kurina. Hiyo hailindi kitu.

#20 Mama Neema
Naomba niseme la hapa kwetu Babati, maana umri wangu unaniruhusu. Msitu wa Duru-Haitemba ulitaka kufanywa hifadhi ya serikali, vijiji 8 vimeuzunguka. Watu waliposikia unachukuliwa hawakutulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikakubalika vijiji vyenyewe vilinde, vikagawana mipaka, vikatunga sheria ndogo na kuchagua walinzi wao. Na waliokuwa wanauharibu ndio walewale waliogeuka kuulinda. Hawakupewa hela. Walipewa uhakika kwamba hauondoki mikononi mwao.

Kwa hiyo mimi nasema ni uhakika, watoto wangu. Mtu akidhani kesho atanyang'anywa, leo anakata.

#21 Msitu Kwanza
Shikamoo mama #20. Uhakika sawa lakini na wageni je? Kwetu tulitenga msitu vizuri, sheria ndogo zikapita, halafu wakaingia watu wa kutoka mbali na mifugo, wengine na misumeno ya mnyororo, tukaripoti, hakuna aliyekuja. Baada ya mwaka mmoja wanakijiji wenyewe wakaanza kufyeka. Nikamuuliza mmoja akanijibu, "nimwachie nani?" Hiyo kauli sijaisahau. Mtu hatunzi kwa sababu anapenda miti tu, anatunza kama anaamini na mwenzake anatunza. Imani hiyo ikivunjika hata mwenye hati mkononi anakata.

#22 Hesabu za Mkaa
Watu wanachanganya kitu kimoja. Kijijini wanapika kwa kuni, mkaa unakwenda mjini. Kwa hiyo unapomgawia mama wa kijijini jiko banifu la mkaa ili kuokoa msitu, umekosea mlango. Anayeunguza mkaa yupo Dar, Morogoro mjini, Dodoma. Serikali imeshaanza na taasisi, ilizuia zinazolisha watu zaidi ya 100 kupikia kuni na mkaa kuanzia 2024, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka Watanzania asilimia 80 wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mji ukiacha mkaa, tanuri la Kaya B litajifunga lenyewe.

#23 Kijana wa Tanuri
Tanuri litajifunga sawa, na tumbo la B litajifunga lenyewe pia? Atalima zaidi. #9 ameshasema, shamba linafyeka kuliko mkaa. Mkaa ukikatwa kwenye msitu na ukaachwa, visiki vinachipua. Ukilima juu yake ndio umeua. Kilosa kule kulikuwa na mpango wa mkaa endelevu, wanavuna kwenye vitalu vya mita 50 kwa 50, wanaruka kimoja wanaacha kimoja kama ubao wa drafti, kisiki kinaachwa kichipue, na hawarudi pale mpaka miaka 24. Mchomaji ana kibali, kijiji kinapata ushuru. Mimi ningekuwa na mpango kama ule nisingejificha nyuma ya kilima.

#24 Hesabu za Mkaa
Sikatai #23. Ila ushuru wa kijiji unajenga darasa na zahanati, vizuri, sasa kaya inaonaje? Ukimuuliza B msitu umekupa nini atakuonyesha ofisi ya kijiji?

#25 Sheria Mkononi
Hilo ndilo swali hata kwenye biashara ya hewa ya ukaa, yaani kijiji kulipwa kwa kutunza miti inayonyonya hewa hiyo. Wilaya ya Tanganyika kule Katavi vijiji 8 vinapata fedha za kaboni kwa kulinda misitu ya milima ya Ntakata, na fedha zinaingia kijijini, mkutano mkuu unapanga. Wapo wanaosema kujenga zahanati kunatosha maana mama akijifungua karibu ameona faida. Wapo wanaosema kila kaya ipewe chake mkononi. Mimi mwenyewe sijaamua. Pesa mkononi inaonekana lakini inaisha wiki moja, jengo linakaa ila linazoeleka, mtu anasahau limetoka wapi.

#26 Dada wa Kuni
Na pesa mkononi, mkononi mwa nani? Narudi palepale.

Kuhusu jiko #22, usilitupe jiko la kuni. Mafiga matatu yanakula kwa siku moja mzigo ambao jiko la udongo lingeuchoma siku mbili. Mama anaokoa safari moja au mbili kwa wiki, hizo saa anapalilia. Ila nimeona majiko yameachwa kwa sababu mlango wake hauingii kuni ndefu na mama hana shoka la kuzipasua, shoka ni la baba. Kitu kidogo hivyo kinaua mradi mzima.

#27 Swali Dogo
Nimesoma uzi wote kuanzia juu. Mleta mada, umewahi kumuuliza jirani B mwenyewe?

#28 Msitu Kwanza
Hahaha swali dogo limekuwa kubwa. Naunga mkono, kamuulize.

#29 Mtunza Mipaka (mleta mada)
Kiukweli sijawahi. Nimewahi kumkanya, nimewahi kumtoza faini, kumuuliza hapana. Nitakwenda Jumapili, nitarudi hapa.

#30 Bwana Ugani Mstaafu
Usiende na daftari, kijana. Nenda na sukari.

#31 Mtunza Mipaka (mleta mada)
Wakuu nimerudi. Mzee #30 asante, nilikwenda na sukari, tukakaa chini ya mwembe mpaka jua linazama.

Mwanzo alidhani nimekuja kwa ajili ya tanuri. Nikamwambia leo mimi ni jirani tu. Akanyamaza kidogo halafu akaniambia, "Unaona zile ekari 4? Yangu ni moja." Tatu ni za kaka yake mkubwa anayekaa Dar. Anaruhusiwa kulima mahindi na ufuta ila mti hapandi, maana ukipanda mti kwenye shamba la mtu umejitangazia umiliki, na kaka yake alishamwambia hivyo mbele ya wazee. Ile miche tuliyowagawia kwenye semina ilikufa kwenye viriba nyuma ya nyumba. Mimi nilimwandika "hajapanda, uzembe".

Nikamuuliza na kufyeka je? Akasema ana vijana watatu wa kiume. Ardhi ya kuwagawia hana. Pale kilimani akifyeka na kulima misimu miwili kila mtu anajua ni pake. Shoka ndio hati yake.

Na Kaya A nimepita pia. #2 ulipatia nusu, ni binti sio kijana, ni muuguzi, anatuma kila mwezi. Ila mama mwenye nyumba anasema migrevilea ilipandwa kabla binti hajaajiriwa. Ilipandwa mwaka waliopata hati ya kimila (hati ya kumiliki ardhi ya kijiji) yenye majina ya mume na mke, na yeye ndiye aliyetaka kwa ajili ya kuni, maana mgongo unamuuma. Wanapogoa matawi, inachipua tena, haendi msituni kabisa.

#32 Mama Neema
Nilisema. Uhakika.

#33 Dada wa Kuni
Na mimi nilisema. Mgongo wa mama.

#34 Kijana wa Tanuri
Na pesa ya binti nilisema jamani, hata kama ni binti. Bila ile pesa wangeikata ile migrevilea mwaka wa njaa wakauza mbao, tuwe wakweli.

#35 mpingo na ufuta
Kila mtu kapata lake. Ila naomba nitie mchanga: kwetu kaya nyingi zilipewa hati za kimila. Wapo waliopanda mikorosho mizuri. Wapo waliouza ekari zao kwa mtu wa mjini na wao wakaingia msituni kufyeka upya. Hati ileile. Kwa hiyo msiikimbilie kama dawa.

#36 Msitu Kwanza
#35 ndio maana nasema inategemea kama msitu una mwenyewe. Kama kufyeka msitu ni bure, ardhi ya hati itauzwa tu.

#37 Ngosha
Hapo mleta mada hao vijana watatu ndio mzigo. Baba amejibu kwa ajili yao. Kuna mtu amewauliza kama wanataka hata kulima? Wa kwetu wengi wanataka bodaboda.

#38 Mtunza Mipaka (mleta mada)
Mmoja anataka, nimemuuliza. Wawili wapo Morogoro mjini sasa hivi. Wazo langu mwezi ujao kuna mkutano mkuu wa kijiji, kuna eneo tuliloliacha kama akiba kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, sio msitu, ni vichaka vya mashamba yaliyoachwa zamani. Je kijiji kinaweza kumgawia huyu kijana kule ili baba asiende tena kufyeka kilimani?

#39 Sheria Mkononi
Kinaweza. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayogawa lakini mkutano mkuu uidhinishe, na muandike kwenye muhtasari. Kama kijana ana mke hakikisheni jina lake linaingia. Ila jiandae, siku hiyo watasimama vijana 40 sio mmoja, na aliyelinda msitu miaka yote bila kufyeka atauliza kwa nini anayetuzwa ni mfyekaji.

#40 Mtunza Mipaka (mleta mada)
Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Baba wa Kaya A atakuwepo mkutanoni na ana mtoto wa kiume pia.

#41 Kijana wa Tanuri
Wakati mnafikiria hilo, mimi nina ekari moja na nusu, yangu kabisa. Migrevilea ya mpakani inaachiana umbali gani?

#42 Bwana Ugani Mstaafu
Mita 2 mpaka 3, na miaka ya kwanza ipalilie kama mahindi. Mbegu zake hazikai, usinunue za mwaka jana. Uko upande gani mwanangu?

#43 Kijana wa Tanuri
Mvomero mzee. Nakuja inbox.